Mboji ya Kuchangiwa

Sisi wa Igurwa tuna aibu ya ajabu. Mtu akipata malaria anatangaza mpaka kanisani aombewe, lakini migomba yake ikipata mnyauko anafunga mdomo kama aliyeiba. Anaamka kabla ya majirani, anakata mgomba uliougua, anaukatakata na kuutupa shimoni, anafunika kwa nyasi, kisha anakaa uani kunywa kahawa. Ukimuuliza habari za shamba, atakuambia nzuri tu. Nayasema haya mapema kwa sababu wapo wanaodai kwamba yaliyompata Sperancia ni uchawi. Hao ni wavivu wa kufikiri.

Sperancia ni mjane. Mumewe, Privatus, alimwachia kibanja cha migomba na kahawa, mabinti wawili walioolewa mbali, Beata na mdogo wake, na mama mkwe aitwaye Kemigisha, ambaye macho yake yameingia ukungu lakini mikono yake haijui kukaa bure. Hakumwachia mtoto wa kiume, na kwetu jambo hilo bado lina uzito, tupende tusipende.

Mnyauko ulipoingia kwake mwaka jana, Sperancia alifanya jambo ambalo wengi hatulifanyi: alimwita bwana shamba mwenyewe. Evaristi, bwana shamba wetu, mtu wa Muleba, alikuja akakata shina moja mbele ya watu wote. Ukatoka ute wa njano, mzito kama usaha. Kisha akalipitisha panga lake motoni, maana ugonjwa ule huhamia na panga. Migomba yote ikang'olewa, na kibanja kikaamriwa kukaa bila mgomba hata mmoja mpaka vuli ya mwaka unaofuata. Kemigisha alishinda mlangoni akisikiliza majembe. Tangu siku hiyo alikula ugali kama dawa, na akimaliza sahani anasema leo pia hajala.

Kisha akaja Rwegasira, kaka mkubwa wa marehemu, anayeishi Kyerwa. Alikizunguka kibanja kilichokuwa kitupu, mikono nyuma.

"Shemeji," alisema, "ardhi ya baba haiwezi kukaa uchi. Vuli ikianza nitakuja. Nikikuta una machipukizi mazima ya kupanda, kibanja kitabaki mikononi mwako mpaka Mungu akuite. Nisipoyakuta, napanda mikaratusi, na wewe utarudi kwenu Kituntu."

"Na mama?"

"Mama nitamchukua."

Wazee wa ukoo walikubali. Hawakumuuliza Sperancia kitu, na mimi hasira ya siku ile sijaimaliza.

Lakini Sperancia si mtu wa kulia mahali pa kazi. Kama ardhi imefungwa, alisema, migomba itakaa juu ya ardhi. Alitafuta magunia makubwa tisa, akayapanga uani juu ya mawe ili chini yasiguse udongo wa kibanja, akayazungushia ua wa matete dhidi ya mbuzi. Udongo aliutoa rweya, kule kwenye nyasi juu ya kilima ambako mgomba haujawahi kupandwa. Ni udongo mwekundu, msafi, lakini maskini. Machipukizi angeyapata Kituntu kwa kaka yake Cleophace, ambaye bado alikuwa na migomba ya nchoncho, ndizi zetu za kupika, isiyo na doa. Yangekua ndani ya magunia kiangazi chote, na vuli ikifika yangehamia shambani.

Ilibaki mboji. Evaristi alimweleza kwamba udongo ule unataka ndoo moja ya mboji kwa kila ndoo tatu za udongo. Gunia moja lilipokea ndoo ndogo nane, yaani sita za udongo na mbili za mboji. Kwa magunia tisa zilihitajika ndoo kumi na nane. Lundo la Sperancia, la samadi na nyasi za rweya, alilolitengeneza mwenyewe baada ya kung'oa, lilipochekechwa lilitoa kumi.

Alipima tena, akidhani amekosea. Yakawa yale yale. Magunia matano yalikuwa na chakula, manne yalikuwa na udongo mtupu.

"Weka ndoo moja moja, yote yapate," Kemigisha alisema.

"Yatapata njaa yote, mama."

Evaristi alipopita na pikipiki yake alitazama, akakuna kidevu. "Panda matano," alisema. "Matano yenye mboji unayoijua ni bora kuliko tisa yenye mboji usiyoijua. Usiombe mboji, Mama Beata. Nakuomba."

Ushauri mzuri. Lakini Evaristi hakuwa yeye wa kusimama mbele ya Rwegasira na magunia matano. Chipukizi moja likifa, lingine likiliwa na mdudu, yanabaki matatu, na mtu anayetaka kupanda mikaratusi haoni matatu. Tena Sperancia hakuomba. Alitaja tu shida yake kwa mwenzake mmoja baada ya ibada, na kwetu hilo latosha.

Maana tuna desturi. Nyumba inayofungua kibanja kipya huletewa mbolea na wanawake wa jirani, kila mmoja kikapu chake kichwani. Mwenye nyumba hakipokei na kukiweka pembeni. Anakimwaga pale pale, mbele ya aliyekileta, na kukichanganya kwa mikono yake. Kukataa kikapu ni kumwambia mwenzako kwamba nyumba yake ni uchafu. Sijawahi kuona kikapu kikikataliwa, na mama yangu naye hajawahi kuona.

Basi walikuja saba, wakiimba kidogo na kutaniana sana.

"Haba na haba hujaza kibaba!" alisema wa kwanza, akishusha chake.

"Hiki si kibaba, ni tumbo la Rwegasira," alijibu mwingine. Wakacheka mpaka Kemigisha naye akacheka.

Vikapu sita vilijaza magunia matatu, ndoo moja kila kikapu. Mboji ilikuwa nyeusi, kavu kiasi, ikinuka mvua. Sperancia alishukuru kila mmoja, "Kasinge, waitu, kasinge," na mikono yake ikawa myeusi hadi viwikoni. Likabaki gunia moja na kikapu kimoja, kikubwa kuliko vyote, cha jirani yake Benadeta.

Benadeta, tunayemwita Mama Vero, anakaa ng'ambo ya njia. Ndiye aliyelala naye chumba kimoja siku za msiba wa Privatus, akimlazimisha kunywa uji. Kama kuna mtu Sperancia angempa figo, ni huyo.

Aliingiza mkono katika kikapu kile, akakuta kina joto. Mboji iliyoiva haina joto. Ilikuwa na maji maji, na ndani yake nyuzi za shina la mgomba ambazo hazijaoza. Vidole vyake vikagusa kitu laini. Alikigeuza bila kukitoa. Ilikuwa ndizi changa, fupi kama kidole gumba, ya njano kabla ya wakati wake. Aliiminya, ikapasuka, na nyama yake ilikuwa na rangi ya kutu.

Alizijua ndizi hizo. Mwaka jana alizibeba kwa makumi.

Aliinua macho. Benadeta alikuwa akimtazama, na tabasamu lake lilikuwa limeganda usoni. Wale wengine sita walikuwa wakisubiri amwage, wapate chai.

Katika muda ule mfupi Sperancia alipiga hesabu nyingine, mbaya kuliko ya kwanza. Akikataa, wote watajua sababu. Kesho Evaristi atakuwa kwa Benadeta na watu wa majembe, na Benadeta ana watoto sita wanaokula kutoka kwenye migomba ile. Akikubali, je, ni kiasi gani kinaua? Kikapu kizima? Konzi moja? Alijiambia kwamba gunia la tisa liko mwisho, peke yake, karibu na ukuta wa jiko. Akimwage humo chote, apoteze moja, aokoe manane. Akakimwaga. Akachanganya kwa mikono, akasema, "Kasinge, Mama Vero."

Wanawake walikunywa chai. Walipoondoka, Sperancia alinawa mikono kwa jivu na sabuni mpaka ngozi ikawasha. Alimwagilia yale manane, lile la tisa akaliacha. Hakumwambia Kemigisha neno. Aliona ni siri ya mtu, na siri ya mtu haigawiwi hata kwa mama mkwe.

Asubuhi alikwenda Kituntu. Kaka yake alimchimbulia machipukizi tisa, akayamenya mizizi na udongo wote mpaka yakawa meupe. Sperancia alilala huko, na kesho yake akarudi kwa bodaboda, machipukizi yamefungwa ndani ya majani makavu ya migomba ya kwao, yeye akiyashika kama mtoto mchanga. Njiani alikuwa na furaha. Kiburi cha kushinda jambo gumu kilimkaa kooni, akamwimbia dereva wa bodaboda nyimbo za kanisani.

Alipoingia uani, alimkuta Kemigisha ameketi chini, miguu imenyooshwa, mikono myeusi.

"Karibu, mwanangu. Nimekumalizia kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Magunia yako yalishuka. Ulimwagilia maji, udongo ukazama, kila moja likapungua kiganja kizima. Wewe unapima ndoo, hupimi kushuka! Mboji mbichi na udongo wa kuchimbwa vikinywa maji vinakaa chini. Mimi nimejaza magunia ya mboga kabla hujaolewa." Alionyesha kwa kidevu upande wa jiko. "Lile la mwisho lilikuwa limejaa, nalo ndilo jeusi kuliko yote. Nimechota humo, nikayajazia yote. Sasa yako sawa."

Sperancia aliyatazama. Yalikuwa sawa kweli, yamejaa, meusi juu, yamesawazishwa kwa viganja vya mama mzee asiyependa kuona moja linashiba na jingine linalala njaa. Lile la tisa lilikuwa nusu.

"Umetia kiasi gani, mama?"

"Kidogo tu. Konzi tatu, nne. Kwani vipi?"

Sperancia aliweka machipukizi kivulini, akavuka njia.

Benadeta alikuwa akimenya ndizi nyuma ya nyumba. Kibanja chake kilikuwa kijani, lakini Sperancia sasa alitazama kama mtu aliyefundishwa na msiba, akaona mapengo katikati ya mashina, na kila pengo limefunikwa nyasi mbichi.

"Shikamoo ya mchana gani hii, unakuja unahema?" Benadeta alisema.

"Mama Vero, sikuja kugombana. Sitamwambia mtu. Niambie kitu kimoja tu. Ile migomba uliitupa shimoni lini? Kama ni mwaka jana, ugonjwa umekwisha kufa, nitapanda nilale. Kama ni juzi, niambie."

"Migomba ipi? Kwangu hakuna ugonjwa."

"Niliiona ndizi."

"Uliona ndizi mbovu. Ndizi haziozi kwako?"

"Benadeta." Hakuwahi kumwita kwa jina tupu. "Mama amechota lile gunia akajazia yote. Yote tisa. Nimebakiwa na machipukizi mkononi na siwezi kuyapanda wala kuyatupa. Shemeji yangu atanitoa pale. Unanitoa pale."

Kisu cha Benadeta kilisimama.

"Mwezi huu," alisema hatimaye. "Mitatu wiki iliyopita. Ningekuja mikono mitupu wangesema nini? Wote walikuwa wanabeba. Nilichota chini ya shimo, nikadhani kule chini kumeoza." Alianza kulia bila kujifuta. "Na usidhani ni mimi peke yangu, Mama Beata. Vile vikapu vingine vilivyonukia vizuri, unajua mwenyewe alichota wapi? Wangapi wetu hukutana bombani asubuhi tukiwa tumekwisha kuosha mapanga?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, na tunalisema vizuri sana tukimsema mwingine. Sperancia alitazama juu, kisha bondeni. Kilima kizima, kuanzia njia ya Rugera mpaka bondeni, kilikuwa kijani, na hakuwa na hakika hata na jani moja.

Alirudi nyumbani, akayaangusha magunia yote tisa. Mboji yake mwenyewe, zile ndoo kumi alizozitengeneza kwa jasho, nayo ilikwenda, kwa kuwa ilikuwa imechanganyika. Alichimba shimo nje ya ua, akafukia vyote na magunia yenyewe. Kemigisha alimfuata nyuma akiuliza amekosa nini, na Sperancia akamwambia kila kitu, kwa sababu sasa kunyamaza kulikuwa kumemgharimu vya kutosha. Mama mzee aliitazama mikono yake. Alikwenda kuinawa, akarudi, akainawa tena.

Walitafuta magunia mengine. Walipanda tena rweya kuchukua udongo mwekundu, wote wawili, mama mzee akibeba kwa kitambaa.

"Sasa tunatia mboji kiasi gani?" Kemigisha aliuliza.

"Hatutii, mama."

"Hata konzi?"

"Hata konzi."

Kiangazi kilikuwa kirefu. Machipukizi yalikaa katika udongo ule maskini kama wageni wasiopewa kiti. Yalitoa jani moja jembamba, likakauka ncha, yakatoa jingine. Sperancia aliyamwagilia maji ya bombani na jivu kidogo. Hakuruhusu mtu kuingia ndani ya ua wa matete. Watu walinuna, wakasema mjane ameanza kujiona. Hata Benadeta alisimama nje. Walisalimiana kila siku, na hawakuzungumza zaidi ya salamu.

Mwezi wa nane ng'ambo ya njia majani yalianza kuning'inia. Wiki ile ile yalining'inia kwa jirani wa chini, kisha kwa wa kule juu. Hakuna aliyeweza tena kuamka mapema kiasi cha kuficha. Kilima kikawa cha njano, kisha cha kahawia, na jioni usingesikia chakarachakara ile ya majani mabichi ambayo sisi tumeizoea tangu tumboni. Ndani ya ua wa matete, machipukizi tisa membamba yalisimama. Sperancia alipasua kipande cha jani kila Jumapili na kukinusa. Yalikuwa mazima.

Mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha, Rwegasira alikuja kwa pikipiki, na nyuma amefunga boksi la miche ya mikaratusi na panga la kufyekea. Sperancia alikuwa rweya akikata nyasi za kutandazia mashimo ya kupandia, aliyokuwa ameyachimba siku mbili kabla. Alisikia pikipiki ikizima uani, akashuka mbio na mzigo kichwani.

Alipofika, shemeji yake alikuwa amesimama ndani ya ua. Kemigisha alikuwa amemfungulia mwenyewe. Nani angemzuia mwanawe? Rwegasira alikuwa akicheka, na hakikuwa kicheko cha kudhihaki.

"Shemeji!" alisema. "Nimepita njia nzima kutoka Kyerwa, sijaona kibanja kizima. Hapa kwenu ndiyo usiseme, ni makaburi. Halafu naingia kwako nakuta nchoncho tisa! Nyembamba, ndiyo, lakini zinapumua. Umewezaje?"

"Sikutia mboji," alisema Sperancia, akihema.

"Basi nimekwisha. Maneno yangu ni maneno yangu. Miche hii nitairudisha. Kibanja ni chako, na mbele ya wazee nitalisema."

Sperancia alitua mzigo wa nyasi. Alikaa juu yake, akafunika uso kwa kanga. Mwaka mzima alikuwa ameyabeba maneno ya mtu huyu kifuani, na sasa yametoka. Kemigisha alipiga vigelegele, sauti nyembamba ya kizee, na mbuzi wakashtuka.

Alipoondoa kanga usoni aliona majani makavu chini, kando ya kila gunia. Mwanamume wa kwetu hawezi kusimama kwenye migomba ya mtu mikono imelala. Huku anazungumza, anaondoa jani lililokauka, anasafisha shina, ni heshima kwa mwenye shamba. Rwegasira alikuwa amepita mstari wote akizungumza na mama yake, na sasa alikuwa kwenye la tisa. Alikata, akapangusa panga kwenye suruali. Makovu tisa yalikuwa mabichi, yakitoa maji.

"Shemeji," Sperancia aliuliza taratibu, "na kwako Kyerwa, migomba hali gani?"

Rwegasira alitazama chini. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Sikutaka mama asikie. Kwangu imekwisha. Nimekata ya mwisho jana jioni."

"Kwa panga lipi?"

Alilinyanyua alitazame, kama vile ana mapanga mengi na amesahau ni lipi alilobeba. "Hili hili. Kwani mimi nina mangapi?"

"Ulilipitisha motoni?"

"Panga?" Rwegasira alicheka kidogo, akamgeukia mama yake ili naye acheke. "Panga si nyama, shemeji."